Mbuyu na Mchicha: Mtu Mzima Anaposoma Riwaya ya Watoto

Wapo wasomi wanaoichukulia fasihi ya watoto kuwa ngazi tu ya kumfikisha msomaji kwenye fasihi ya watu wazima. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa kurejelea riwaya fupi ya Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry iliyochapishwa New York mwaka 1943, na kutafsiriwa kwa Kiswahili kama Mwana Mdogo wa Mfalme (Dar es Salaam, 2009).

Mhusika mkuu anaishi kwenye kisayari ambacho udongo wake umejaa mbegu za mibuyu. Hana budi kuikagua miche kila siku na kuing'oa ya mibuyu, kwani ikikomaa mizizi yake itakipasua kisayari. Tatizo ni kwamba mche mchanga wa mbuyu hufanana na wa waridi.

Mtoto aweza kuisoma sehemu hii kama kisa cha bidii. Mswahili mzima hukumbuka methali: Hata mbuyu ulianza kama mchicha. Aghalabu methali hii humtia moyo mnyonge. Riwaya inaugeuza ukweli uo huo kuwa onyo: uovu nao huanza mdogo. Kwa kuwa kitabu kilitoka wakati wa Vita Vikuu vya Pili, baadhi ya wahakiki wameiona mibuyu hiyo kuwa ishara ya Unazi. Mgongano huu wa methali na riwaya ndio utamu wa msomaji mzima.

Darasani, swali la mazoea ni, "Tunajifunza nini?" Swali hilo huufunga mjadala mapema. Afadhali mwalimu aiandike methali ubaoni, kisha aulize: mche upaliliwe lini, na ung'olewe lini? Mwanafunzi wa Kilifi aliyezoea kula mabuyu huenda akautetea mbuyu. Asinyamazishwe, huo ndio mwanzo wa uhakiki.

Hatimaye swali humrudia mwalimu mwenyewe. Kila siku yeye huamua ni utundu upi wa kukomeshwa na upi ni kipawa kinachochipuka. Anayeharakisha kung'oa aweza kuling'oa waridi. Hivyo basi, ni mwafaka walimu wazisome riwaya za watoto kwa ajili yao wenyewe kwanza, kabla ya kuzitungia maswali ya mtihani.