ELIMU KWA UMMA: BEI YA SOKO, AMRI YA SERIKALI NA MATUMIZI YA NISHATI

Aghlabu hudhaniwa kwamba mtu hujichagulia mwenyewe nishati ya kuwashia taa na kupikia. Uchaguzi huo hutanguliwa na mambo mawili: bei ya soko na uamuzi wa Serikali. Ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita unatoa mafunzo matatu.

Kwanza, mafuta ya taa. Kabla ya mwaka 2011 yalitozwa ushuru mdogo ili wanyonge wayamudu. Baadhi ya wafanyabiashara wakayachanganya na dizeli kwa tamaa ya faida. Ili kukomesha uchakachuaji huo, Serikali ilipandisha ushuru kutoka Sh. 52 hadi Sh. 400.30 kwa lita. Faida ya udanganyifu ikatoweka, lakini kibatari cha kijijini nacho kikawa ghali. Wanavijiji wakahamia tochi za betri na taa za jua, ambazo bei yake ilikuwa ikishuka duniani. Mkaazi wa mjini aliyepikia mafuta ya taa, kimbilio lake la karibu likawa mkaa. Hivyo, amri iliyokusudiwa kusafisha dizeli iliugusa pia msitu.

Pili, migodi. Mgodi wa Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, ulivutiwa umeme wa gridi kutoka Shinyanga. Mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, haukuwa na njia hiyo. Kwa miaka mingi ulijizalishia umeme kwa mitambo ya mafuta. Dhahabu ni moja na bei yake ni moja. Kilichotofautisha nishati ni mahali nguzo zilipofika.

Tatu, kuni. Kuni za kuokota hazina bei dukani, hivyo soko peke yake haliwezi kuzihifadhi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho. Kwa kulindwa na sheria ndogo za vijiji, miti ikarejea, na kuni zikapatikana karibu na nyumbani.

Unguja na Pemba nazo hupokea umeme wa gridi hiyo hiyo kwa nyaya za chini ya bahari. Mafunzo haya si ya bara pekee. Mtumishi anayependekeza ushuru, ruzuku au katazo lolote hana budi kuuliza kabla ya kutia saini: mwananchi akiiacha nishati hii, atahamia ipi, na kwa gharama ya nani?