Mwendelezo Usio na Kilele: Mombasa katika Halo 2

Makala haya yanachunguza mwendelezo kama mbinu ya usimulizi kwa kurejelea Halo 2, mchezo wa video wa bunilizi ya kisayansi uliotungwa na kampuni ya Bungie na kutolewa Novemba 2004.

Mwendelezo hurithi ahadi. Onyesho la mwaka 2003 liliahidi vita vya kuitetea Dunia katika Mombasa Mpya ya mwaka 2552. Hata hivyo, katika mchezo wenyewe vita vya mjini humo vimetengewa sehemu mbili tu, kisha Master Chief, mhusika mkuu, anaondoka. Mwishoni anatangaza kwamba anakwenda kuvimaliza vita, na papo hapo mchezo unakatika. Wachezaji wengi walinung'unika. Jibu lilisubiri Halo 3 ya mwaka 2007. Yafaa kutofautisha: taharuki huahirisha jibu, bali haiinyimi kazi kilele chake.

Kasoro ya pili ni ya mandhari. Halo 3: ODST (2009) ilirejea mjini humo, ikazipa baadhi ya sehemu zake majina ya Kizingo na Kikowani, mitaa ya kisiwani. Likoni ya ng'ambo ya feri, Kisauni na Changamwe hazikupewa sehemu hata moja, ilhali sensa ya 2019 inaonyesha kwamba wakazi wengi wa Mombasa wanaishi bara.

Kwa hivyo, jina la mahali pekee halijengi mandhari. Mwanafunzi ajiulize: mji ukiokolewa bila watu wake kuonekana, ni nini kilichookolewa?