Dawa Ikikosekana Dirishani

Mama yangu mdogo, mkazi wa Mzinga hapa Morogoro, anatumia dawa ya presha. Mwezi mmoja aliambiwa dirishani, "Imeisha, kanunue nje." Akatoka na kadi ya bima mkononi, akalipa duka la kwanza aliloliona, kwa hela aliyoitenga kwa ajili ya mbolea. Iliniuma sana.

Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) haiishii kwenye dirisha la hospitali. Kama dawa imo kwenye kitita cha mafao ya bima yako, omba ujaziwe fomu ya kuichukulia kwenye famasi iliyosajiliwa na Mfuko. Usibanduke dirishani kabla hujaipata ikiwa na saini na muhuri. Ukikosa muhuri famasi itakurudisha, na nauli ya bodaboda ni yako. Uliza hapohapo ni famasi ipi inapokea kadi yako. Ukifika, hesabu vidonge kwanza, ndipo usaini. Kwa saini yako famasi hudai malipo kwa Mfuko. Ukisaini vidonge 60 ukapewa 30, umewapa wengine hela ya wagonjwa.

Asiye na bima aanzie kwa daktari. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) husimamia ubora na usalama wa dawa, si bei. Bei hupangwa na mwenye duka. Kwa hiyo sema: "Daktari, naomba uniandikie jina la dawa yenyewe." Akiandika Norvasc, huenda ukauziwa Norvasc. Akiandika amlodipine miligramu 5, muuzaji anaweza kukupa ya kampuni nyingine, mara nyingi kwa bei nafuu zaidi, na maadamu imesajiliwa inafanya kazi ileile. Shika boksi ulisome: chini ya jina kubwa la kibiashara kuna maandishi madogo. Hayo madogo ndiyo dawa yako. Ulizia bei famasi mbili tatu kabla ya kulipa.

Hela ikipungua, nunua vidonge vya wiki mbili, umeze kama ulivyoandikiwa. Kumeza nusu ili vifike mwisho wa mwezi ni hatari. Presha haingoji mshahara.

Ukikuta duka binafsi linauza pakiti yenye herufi GOT, usinunue. Hiyo ni dawa ya serikali iliyosambazwa na Bohari ya Dawa (MSD) kwa vituo vya umma, na huenda ndiyo uliyoambiwa imeisha. Toa taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya.

Mama mdogo sasa haendi peke yake. Binti yake humsindikiza na daftari, anaandika tarehe, jina la dawa na idadi ya vidonge.