Vivimbe Kwenye Mizizi ya Maharagwe

Tulipotembelea mashamba upande wa Nyamira tulimkuta mama mmoja aking'oa maharagwe yaliyoanza kutoa maua. Mizizi ilikuwa na vivimbe, naye alidhani ni ugonjwa. Alikuwa amemaliza mistari miwili! Tukapasua kivimbe kwa ukucha: ndani chekundu kama damu.

Wekundu huo ni habari njema. Ndani hukaa vijidudu viitwavyo raizobia. Mmea huvipa sukari, navyo hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Ni chakula kilekile tunachonunua kwenye gunia la mbolea.

Kivimbe kizuri hukaa ubavuni mwa mzizi na hubanduka upesi. Mzizi wenyewe ukivimba, usibanduke kitu, hiyo ni kazi ya minyoo wa udongoni. Huo ndio ugonjwa. Na ikiwa wakati wa maua ndani ni kijani au kweupe, vijidudu havifanyi kazi. Mara nyingi udongo una asidi nyingi. Chokaa na samadi husaidia. Vijidudu pia huuzwa kwa pakiti, kama Biofix iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Paka mbegu kivulini, maana jua huviua. Uliza pakiti ya maharagwe. Ya soya haifai.

Halafu kuna hii tabia yetu ya kuvuna kwa kung'oa na kupigia uani, kisha mabua tunayachoma. Kata shina, mizizi iozee shambani. Lakini tusidanganyane: maharagwe hufanya kazi hii kidogo kuliko soya au kunde. Mahindi yatakayofuata bado yatataka samadi.