Somo la Kumi na Sita: Picha Inayoandikwa kwa Tarakimu

Katika somo lililotangulia tulijifunza kwamba nuru husafiri katika mistari iliyonyooka, na kwamba tunaviona vitu kwa sababu nuru itokayo kwenye vitu hivyo huingia machoni mwetu. Sasa tutaona jinsi kamera ya dijitali inavyoipokea nuru hiyo, inavyoipima na kuiandika kwa tarakimu, na jinsi tarakimu hizo zinavyoweza kubadilishwa baadaye. Huenda shuleni kwenu hakuna kamera hata moja. Hilo lisikusumbue, kwa kuwa majaribio ya somo hili yanahitaji boksi, karatasi na penseli tu.

Jaribio la 1: Kamera ya tundu

Chukua boksi la viatu lisilopitisha mwanga. Toboa tundu dogo kwa sindano katikati ya upande mmoja mfupi. Katika upande unaoelekeana na tundu hilo, kata dirisha la mraba, kisha uliwambe kwa karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta ya kupikia. Jifunike shuka nzito kichwani pamoja na upande wenye karatasi, na ulielekeze tundu kwenye mti au nyumba iliyo juani. Usilielekeze kamwe kwenye jua lenyewe. Je, unaona nini juu ya karatasi?

Utauona mti ule ukiwa mdogo, wenye rangi zake zote, nao umepinduka: majani yako chini na shina liko juu. Nuru itokayo kwenye majani hupita tunduni kwa mstari ulionyooka na kuangukia sehemu ya chini ya karatasi. Itokayo shinani huangukia juu. Al-Hasan ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra na kufanya kazi yake mjini Kairo, alilichunguza jambo hili katika karne ya 11.

Sasa lipanue tundu kwa ncha ya penseli. Taswira itang'aa zaidi, lakini kingo zake zitafifia. Tundu dogo hutoa taswira safi iliyo hafifu, na tundu kubwa hutoa taswira yenye mwanga mwingi iliyo na ukungu. Ndiyo sababu kamera huwekewa lenzi. Lenzi huingiza nuru nyingi, na papo hapo huikusanya miale iliyotoka mahali pamoja ili ikutane tena mahali pamoja.

Kihisi

Kwa muda wa zaidi ya miaka 100, taswira ndani ya kamera ilipokelewa na bamba au filamu iliyopakwa chumvi za madini ya fedha, ambazo hubadilika zikipigwa na nuru. Kamera ya dijitali haina filamu. Mahali pake pana kipande cha silikoni kiitwacho kihisi, nacho kimegawanywa katika vyumba vidogo mno vilivyopangwa kwa mistari na safu. Nuru ikiangukia chumba kimoja huzalisha humo chaji ya umeme. Nuru ikiwa nyingi, chaji huwa nyingi. Ikiwa kidogo, chaji huwa kidogo.

Fikiri kwamba umepanga makopo katika uwanja wa shule, kisha mvua ikanyesha. Baada ya mvua unapita na rula, unapima maji katika kila kopo na kuandika tarakimu moja daftarini. Kihisi hufanya vivyo hivyo kwa nuru. Kumbuka pia jambo moja kuhusu makopo, maana tutalihitaji mbele: kopo likijaa, maji hufurika, na baadaye hakuna awezaye kusema ni maji kiasi gani yaliyomwagika.

Mmoja wa vihisi vya namna hii ulibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith nchini Marekani, nao walishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak, aliunda kamera iliyokitumia kihisi kama hicho. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4. Picha yake moja ilikuwa na safu 100 na mistari 100, haikuwa na rangi, nayo ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kanda ya kaseti. Kamera ya simu yenye safu 4,000 na mistari 3,000 huandika sehemu 12,000,000 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kila sehemu moja ya picha ya namna hii huitwa pikseli.

Hata hivyo, picha iliandikwa kwa tarakimu kabla ya kamera hizo. Mwaka 1957, mjini Washington, Russell Kirsch na wenzake waliiingiza katika kompyuta picha ya karatasi ya mtoto wake mchanga. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176 tu, lakini uso wa mtoto ulitambulika.

Jaribio la 2: Kusoma picha

Chora mraba wenye safu 7 na mistari 7. Tarakimu 0 ni nyeusi kabisa, 9 ni nyeupe kabisa, na 5 ni rangi ya kijivu. Paka kila chumba kwa penseli kama tarakimu zinavyoagiza:

9 9 9 0 9 9 9
9 9 0 0 0 9 9
9 0 0 0 0 0 9
0 0 0 0 0 0 0
9 5 5 5 5 5 9
9 5 5 0 5 5 9
9 5 5 0 5 5 9

Ishikilie karatasi mbali na macho. Bila shaka umeitambua nyumba yenye paa jeusi, kuta za kijivu na mlango. Kamera nyingi hutumia ngazi 256, yaani kuanzia 0 hadi 255, badala ya ngazi zetu 10. Kwa picha ya rangi kila pikseli hupewa tarakimu tatu: moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Rangi nyingine zote unazoziona kwenye kioo cha simu, hata ile ya njano ya embe lililoiva, hutokana na kuchanganya nuru za rangi hizo tatu.

Kuhariri ni kufanya hesabu

Mtu anapoihariri picha, hubadilisha tarakimu. Akitaka kuiongezea mwanga, huongeza kila tarakimu. Akitaka kuipunguza, hutoa. Akikata kingo zisizotakiwa, huacha baadhi ya safu na mistari. Kazi hii hufanywa na programu za kompyuta na za simu, lakini ni hesabu ya darasa la pili.

Chukua pikseli nne: 2, 5, 8, 9. Ongeza 3 kwa kila moja. Tungepata 5, 8, 11, 12, lakini kopo letu haliwezi kupita 9. Kwa hiyo tunaandika 5, 8, 9, 9. Sasa tujaribu kurudi tulikotoka kwa kutoa 3. Tunapata 2, 5, 6, 6. Pikseli mbili za mwisho zilikuwa tofauti, na sasa ni sawa. Tofauti ile imepotea, wala hakuna hesabu itakayoirudisha. Kwa sababu hii, weka kando picha ya asili bila kuigusa, na uhariri nakala yake.

Hasara kama hiyo hutokea pia ndani ya kamera yenyewe, na huko haina dawa kabisa. Mwanafunzi aliyevaa shati jeupe anasimama juani, nawe unampiga picha ukiwa umeipa kamera nuru nyingi mno. Vyumba vilivyopokea nuru ya shati vimejaa vyote. Mikunjo ya shati, vifungo, hata nembo ya shule, vimekuwa 255 sawasawa. Ukiipunguza nuru baadaye utapata shati la kijivu lisilo na vifungo.

Kinyume chake pia kina tabu. Ukimweka mwenzako mlangoni, jua likiwa nyuma yake, kamera huweza kuupima mwanga wa nje na kuuacha uso wake gizani. Ukiongeza tarakimu za uso huo baadaye, unaongeza pia makosa madogo ya kipimo, na picha hujaa chenga. Msogeze kivulini, chini ya mwembe kwa mfano, ambako uso na shati hupata nuru inayokaribiana. Katika simu nyingi unaweza pia kuugusa uso kwenye kioo, na kamera itaupima mwanga wa hapo. Hatua mbili za miguu hapa zina faida kuliko saa nzima ya kuhariri. Nuru ikiwa hafifu, kamera huhitaji muda mrefu zaidi wa kuipokea; basi egemeza mikono mahali imara, maana mkono ukitikisika taswira huhama na picha huwa na ukungu.

Kitu kinapohamishwa

Mwezi wa Februari 1982 jarida la National Geographic la Marekani lilitoa jalada lenye picha ya piramidi za Giza, nchini Misri. Picha ya asili ilikuwa pana, na jalada lilikuwa jembamba. Kwa msaada wa kompyuta, piramidi moja ilisogezwa karibu na nyingine ili zote zienee. Mawe yenyewe hayakusogea hata kidogo. Zilizosogea ni tarakimu. Jambo hilo lilizua mjadala mkubwa, kwa kuwa wasomaji walikuwa wakiichukulia picha ya jarida kuwa ushahidi wa mahali ilipopigwa. Kuongeza mwanga usoni na kuisogeza piramidi ni hesabu za jamii moja, lakini moja inatuonyesha vizuri kilichokuwapo, na nyingine inatuonyesha kisichokuwapo.

Maswali

1. Kwa nini taswira katika kamera ya tundu hupinduka?

2. Picha ya Steven Sasson ilikuwa na pikseli ngapi? Ile ya Russell Kirsch je?

3. Pikseli nne zina tarakimu 1, 4, 6, 7. Ongeza 4 kwa kila moja bila kupita 9, kisha toa 4. Ni pikseli zipi zimepoteza tofauti yao?

4. Katika picha ya nyumba, badilisha tarakimu mbili tu ili mlango utoweke. Mpe picha hiyo mwenzako ambaye hakuiona ile ya kwanza. Je, kuna chochote katika karatasi kinachoweza kumwonyesha kwamba nyumba ilikuwa na mlango?