Dondoo muhimu: Kamera ya mtumba au toleo jipya?

Canon EOS 6D ilitoka mwaka 2012 ikiwa na megapikseli 20. Kwa picha za harusi, pasipoti au bango la dukani, hizo zinatosha kabisa. Toleo jipya lina maana kwa anayepiga video kila siku au anayefukuzana na ndege porini. Wengine wote, pesa iende kwenye lenzi: lenzi za EF, hata za mwaka 1987, bado zinafunga kwenye 6D.

Ila lenzi ya zamani usiichukue gizagiza. Mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Rudisha, hata kama muuzaji anaapa. Joto na unyevu wa pwani, Tanga au Mombasa, huilea vizuri sana.

Kwenye bodi, uliza shata imepiga mara ngapi. Ya 6D ilikadiriwa kuhimili 100,000. Kisha piga anga tupu kwa f/16. Madoa meusi yakijitokeza ni vumbi la sensa, linasafishika: omba upunguziwe bei.