Pesa ya Simu na Sanduku la Kufuli Tatu

Sisi wazee wa kikundi tulizoea sanduku la bati lenye kufuli tatu. Mwenyekiti na ufunguo wake, katibu na wake, mweka hazina na wake. Mmoja asipokuja, halifunguki. Mtoto aliyeko Nairobi akituma pesa, zilikuja kwa bahasha mkononi mwa msafiri, ama kwa posta, nawe ukafunga safari hadi Kakamega mjini kuzichukua.

Machi 2007 M-Pesa ikaanza. Kweli, imetupunguzia safari. Lakini angalieni: mchango ukiwekwa kwa simu ya mweka hazina, zile kufuli tatu zimekuwa namba moja ya siri, na aijuaye ni mtu mmoja. Akiugua je? Basi msitupe daftari. Kila mkutano, ujumbe wa salio usomwe kwa sauti, ulinganishwe na daftari.

Vijana wanatusimulia pia habari za Bitcoin. Hiyo si M-Pesa. Ya M-Pesa ni shilingi ile ile, imewekwa benki. Ukikosea namba, peleka ule ujumbe kwa 456 haraka, pengine zitarudishwa. Bitcoin ukikosea, hakuna ofisi ya kwenda kulia, na bei yake hupanda na kushuka kama ya nyanya. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi wapigwe picha ya mboni za macho ili wapewe Worldcoin, mpaka Agosti serikali ikasimamisha. Macho, jamani!

La kuzungumzia kikundini: pesa zetu zikiwa kwa simu, ufunguo wa pili na wa tatu anao nani?